Mbwa, Upanga, Ua au Kofia: Puto Lako la Kwanza Liwe Umbo Gani?

Anayeanza kusokota maputo ana mambo matatu ya kuchagua kabla ya msokoto wa kwanza: puto lenyewe, namna ya kulijaza upepo, na umbo la kuanzia. Mawili ya mwanzo yana jibu linalowafaa karibu watu wote, kwa hiyo hayatatuchelewesha. La tatu ndilo lenye mjadala. Jibu lake linategemea una siku ngapi za mazoezi, una watoto wangapi wanaokusubiri, na shughuli yenyewe iko sebuleni au uwanjani juani.

Tukubaliane maneno kwanza. Sehemu ya puto iliyo kati ya msokoto mmoja na mwingine tutaiita pingili, kwa kuwa puto lililosokotwa linafanana kabisa na muwa. Upande wa kupulizia ni mdomo. Ncha ya upande wa pili, inayoachwa bila upepo, ni mkia. Kila unaposokota, upepo husukumwa kuelekea mkiani. Ukiwa umeacha mkia mfupi mno, upepo unakosa pa kwenda na puto linapasuka mikononi. Basi umbo lenye misokoto mingi linadai mkia mrefu, na lenye misokoto michache linatosheka na mfupi.

Puto gani

Kwenye pakiti za maputo marefu utakuta namba yenye tarakimu tatu. Ya kwanza ni unene kwa inchi, mbili za mwisho ni urefu kwa inchi, puto likiwa limejaa. Kwa hiyo 260 ni inchi 2 kwa inchi 60, yaani karibu sm 5 kwa sm 150. Puto la 160 lina urefu huohuo kwa nusu ya unene, na la 350 ni nene zaidi na fupi kidogo. Herufi ya mwisho, kama Q katika 260Q, ni alama ya mtengenezaji, na Q ni ya Qualatex. Sempertex ya Colombia na Gemar ya Italia nao wanatengeneza ukubwa wa 260, na yote matatu yanafaa kwa kazi hii.

Anza na 260. Puto la 160 linaonekana dogo na rahisi, kumbe ndilo gumu kujaza: kadiri puto linavyokuwa jembamba ndivyo linavyohitaji msukumo mkubwa zaidi wa hewa kutanuka. Pingili zake pia ni ndogo, zinaponyoka vidoleni. La 350 ni zuri kwa kofia kubwa, lakini vipimo vingi vinavyoandikwa kwa ajili ya wanaoanza, pamoja na vya hapa chini, ni vya 260, na ukivihamishia kwenye 350 mbwa anakuwa na mashavu ya kiboko.

Maputo marefu yasiyo na namba, yanayouzwa mafungu Kariakoo au kwenye maduka ya vifaa vya sherehe Nairobi, yanaweza kuwa mazuri na yanaweza kuwa yamekaa miezi kwenye kioo cha duka yakipigwa na jua. Yajaribu kabla ya kununua mengi. Nyoosha moja hadi mara mbili ya urefu wake uliachie. Zima litarudi mara moja kwenye urefu wake. Lililochoka litarudi polepole, litabaki na mikunjo myeupe au litanata vidoleni. Angalia pia mdomo: ile pindo ya duara iwe kamili, maana pindo iliyochanika ndiko mpasuko unakoanzia wakati wa kufunga fundo.

Ukikuta poda ndani ya puto, iache. Michael Faraday alipotengeneza maputo ya kwanza ya mpira jijini London mwaka 1824, kwa majaribio yake ya gesi, alinyunyiza unga ndani ili kuta mbili za mpira zisigandamane, na kazi ya poda ya leo ni hiyohiyo. Kwenye unyevu wa pwani maputo hugandamana mdomoni hata hivyo. Yafikiche kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuyavika kwenye pampu.

Mdomo au pampu

Kujaza 260 kwa mdomo kunawezekana, na wapo wanaoweza, lakini si jambo la kujifunza sambamba na msokoto. Msukumo unaotakiwa mwanzoni ni mkubwa, unapanda mashavuni na masikioni, na baada ya maputo matano kichwa kinazunguka. Isitoshe, puto lililotoka kinywani mwako linakwenda mkononi mwa mtoto wa mwenzio. Pampu ya baiskeli nayo inatoa hewa kidogo kwa kila msukumo, na ncha yake haikutengenezwa kushika mdomo wa puto.

Pampu ya umeme inajaza puto kwa sekunde chache. Tatizo ni hizo sekunde chache: anayeanza hawezi kusimamisha upepo mahali pale anapotaka mkia uanzie, na umeme ukikatika sherehe imesimama. Nunua pampu ya mkono ya maputo, ile inayotoa hewa ukiisukuma na ukiivuta pia. Ina faida moja ambayo hakuna nyingine inayo, nayo ni kuhesabika. Jaza puto moja taratibu, hesabu misukumo mpaka mkia ubaki sm 12, andika namba hiyo kwenye pampu kwa kalamu ya wino mzito. Pampu hazilingani, kwa hiyo namba ya jirani yako haitakusaidia.

Vika mdomo wa puto kwenye ncha ya pampu kwa kina cha sm 1 hadi 2 na uubane hapo kwa vidole muda wote. Ukishajaza, usifunge bado. Bana shingo ya puto, achia upepo kidogo tu, mlio mmoja mfupi. Puto lililojaa hadi mwisho ni gumu, na msokoto wa kwanza karibu na fundo utalipasua. Likiachiwa ule mlio mmoja linakuwa laini kiasi cha kubonyea chini ya dole gumba.

Kufunga fundo ndiko kunakowashinda wengi siku ya kwanza, basi tutazame mkono kwa karibu. Bana shingo ya puto kwa gumba na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, mdomo ukibaki nje kama sm 3. Uvute mdomo kwa mkono wa kulia unyooke, uuzungushe juu ya ncha ya kidole cha shahada na cha kati cha kushoto vikiwa pamoja, ukauvuke wenyewe upande wa kucha. Tenganisha vidole hivyo viwili kidogo, penye upenyo ule chomeka pindo ya mdomo kuelekea chini, uishike kwa gumba, kisha chomoa vidole viwili kutoka kwenye kitanzi. Fundo linakaza lenyewe. Likiteleza, shingo uliyoiacha ilikuwa fupi, kwa hiyo achia upepo zaidi kidogo urudie. Fanya mara ishirini ukiwa umekaa kabla hujasokota chochote.

Maumbo kwa mtazamo mmoja

Vipimo hivi ni vya puto la 260, isipokuwa ua la mviringo. Muda ni wa mtu aliyekwisha zoea kidogo, si wa jaribio la kwanza.

| Umbo | Maputo | Mkia wa kuacha | Muda | Panapoharibika |
|---|---|---|---|---|
| Kofia | 1 | sm 5 | sekunde 20 | duara likibana kichwa |
| Upanga | 1 | sm 5 | sekunde 30 | kinga ya mkono inalegea |
| Ua la tulipu | 1 | karibu lote | sekunde 30 | linapasuka juu ya kidole |
| Mbwa | 1 | sm 10 hadi 12 | dakika 1 | pingili zinajifungua |
| Ua la petali sita | 2 | sm 4, kisha sm 10 | dakika 2 | petali hazilingani |
| Ua la mviringo | 6 | hakuna | dakika 3 | ukubwa kutofautiana |

Mbwa au upanga?

Huu ndio uamuzi wenyewe. Upanga unaweza kuujua jioni moja na kesho yake ukaingia kwenye sherehe ya watoto bila aibu. Mbwa atakuchukua siku tatu nne, lakini ukimjua yeye umewajua twiga, sungura, farasi na panya, kwa sababu wote ni mbwa waliobadilishwa vipimo. Mwenye wiki moja mbele yake tunamshauri mbwa bila kusita. Mwenye siku moja achukue upanga, aongeze kofia, na mbwa amngoje.

Upanga. Jaza uache mkia wa sm 5, achia ule mlio mmoja, funga. Kuanzia kwenye fundo sokota pingili ya sm 10, zungusha mara tatu: huo ni mpini. Pima sm 20 zinazofuata, zikunje ziwe kitanzi, rudisha mwisho wa kitanzi pale mpini unapoishia, sokota vyote pamoja mara tatu. Fanya kitanzi cha pili cha sm 20 upande wa pili wa mpini, ukisokota palepale. Vitanzi viwili ni kinga ya mkono, na puto lililobaki ni upanga wenyewe.

Panapoharibika ni kinga. Ikilegea na kuzunguka kama feni, ulisokota vitanzi kwa pande tofauti, kimoja mbele na kingine nyuma, na cha pili kikawa kinakifungua cha kwanza. Kitanzi kimoja kikizidi kingine, usianze upya. Vuta kidogo cha kikubwa kupitia kwenye msokoto kuelekea upande wa upanga, mpira utasogea. Upanga wa kupigania unahitaji upepo pungufu kidogo kuliko wa kupigia picha, kwa kuwa mgumu unapasuka pigo la tatu na mtoto anarudi kwako kwenye foleni.

Mbwa. Jaza uache mkia wa sm 12 kwa mara za kwanza. Ukizoea, sm 10 au hata 8 zinatosha. Pingili za kusokota ni tisa, na ya kumi ni mkia wa mbwa. Zinakwenda tatu tatu: pua na masikio mawili; shingo na miguu miwili ya mbele; kiwiliwili na miguu miwili ya nyuma. Kila tatu zinafungwa kwa njia moja.

Anza upande wa fundo. Sokota pua sm 8, sikio sm 7, sikio la pili sm 7. Kila msokoto zungusha mara tatu, na zote kuelekea upande mmoja. Ukichagua kuzungusha kuelekea mbele, iwe mbele mpaka mwisho wa mnyama. Sasa kunja masikio mawili yakae sambamba kama vidole viwili, yashike pamoja, yazungushe mara tatu pale mashina yake yanapokutana. Huo ndio msokoto wa kufunga, na baada yake kichwa hakiwezi kujifungua hata ukikiachia.

Kabla ya kufunga, kila kitu kinaweza kujifungua, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Angalia jambo hili kwa makini: katika mlolongo wa pingili, ni ya kwanza na ya mwisho tu zinazoweza kujifungua. Za katikati zimebanwa na majirani zake, hazina pa kuzungukia. Kwa hiyo huhitaji mikono minne. Pingili ya kwanza ibane kwa vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto dhidi ya kiganja, ya mwisho ishikwe na gumba na shahada za mkono huohuo, na mkono wa kulia ubaki huru kusokota inayofuata. Mkono wa kushoto ukishaizoea nafasi hiyo, mbwa amekwisha.

Endelea: shingo sm 7, miguu ya mbele sm 9 kila mmoja, kunja, funga. Kiwiliwili sm 10, miguu ya nyuma sm 9 kila mmoja, kunja, funga. Kinachobaki ni mkia. Msimamishe mezani; akianguka mbele, miguu ya mbele ni mifupi, akiyumba pembeni, mguu mmoja umezidi mwenzake. Miguu ya jozi moja ipimane kwa kuilaza sambamba kabla ya msokoto wa kufunga, maana baada ya hapo haisahihishiki.

Ukifika miguu ya nyuma ukakuta puto limejaa hadi ncha na linalia kwa ugumu, mkia ulioacha ulikuwa mfupi au pingili za mwanzo ulizifanya ndogo mno ukabakiwa na upepo mwingi nyuma. Usilazimishe msokoto wa mwisho. Achana na jozi ya nyuma, kunja sehemu yote iliyobaki iwe kitanzi kimoja: umepata ndege mwenye kiwiliwili kikubwa, na mtoto hajui kwamba alikusudiwa mbwa. Kinyume chake, ukibaki na mpira mrefu usio na upepo unaoning'inia kama uzi, shika pingili ya mkia kwa ngumi na uibane taratibu. Upepo utasogea mpaka kwenye ncha.

Masikio nayo yana siri yake. Yakiwa sm 7 ni mbwa, yakiwa sm 3 na pua fupi ni panya. Kwa twiga weka pua sm 5, masikio sm 3, shingo sm 25 hadi 30, miguu yote sm 10, kiwiliwili sm 5 tu. Shingo hiyo ndefu ndiyo inayomwangusha, kwa hiyo mwinamishe nyuma kidogo kwa kuikunja pale inapokutana na miguu na kuibana kiganjani kwa sekunde kumi. Joto la mkono hulegeza mpira, na mpindo unabaki. Kwa sungura weka pua sm 4, masikio sm 15, shingo sm 3, miguu ya mbele sm 6, kiwiliwili sm 5, miguu ya nyuma sm 10, kisha isukume miguu ya mbele ipite katikati ya miguu ya nyuma. Sungura anakaa kitako peke yake, na kwa macho yetu ndiye mnyama mzuri kuliko wote wa puto moja.

Maua: tulipu, petali sita, mviringo

Tulipu inatumia upepo kidogo sana. Jaza sm 8 tu za mwanzo, funga fundo. Weka ncha ya kidole cha shahada juu ya fundo, lisukume ndani ya puto kwa kina cha sm 5 au 6. Kwa mkono wa pili lishike fundo kutoka nje kupitia ukuta wa puto, chomoa kidole taratibu, sokota mara tatu chini ya fundo. Mbele yako kuna kichwa cha ua, na mpira usio na upepo ndio shina. Kucha ndefu na pete haziruhusiwi hapa, na kama pingili ni ngumu kidole hakiingii. Ua hili linawafaa watu wazima: wageni wa harusi, akina mama kwenye kitchen party, meza ya keki. Mtoto mdogo usimpe, kwa sababu shina lake ni mpira mtupu, na mpira mtupu ndio anaoutafuna na kuuvuta kooni.

Ua la petali sita linaonekana la kitaalamu kuliko ugumu wake. Puto la kwanza jaza uache sm 4, achia upepo zaidi ya kawaida, mlio mrefu, kwa kuwa hapa utabana matabaka kadhaa kwa pamoja. Funga fundo, kisha funga mkia kwenye fundo upate duara. Libane duara likae kama reli mbili sambamba, fundo likiwa mwisho mmoja. Ligawe mafungu matatu sawa kwa kusokota reli zote mbili pamoja katika sehemu mbili. Kunja mafungu matatu kama herufi Z yalaliane, bana katikati ya yote, zungusha mara tatu. Ziko petali sita. Zipange kwa vidole. Kwa shina, jaza puto la kijani uache sm 10, sokota pingili ya sm 4 kwenye fundo, ipitishe katikati ya petali iwe jicho la ua, na chini yake tengeneza vitanzi viwili vya sm 25 kuwa majani, kama ulivyofanya kwenye upanga.

Petali zikitoka tatu kubwa na tatu ndogo, mafungu hayakulingana. Puto likipasuka wakati wa mzunguko wa katikati, na hapo ndipo linapopasukia, ulijaza mno. Ukipoteza maputo matatu mfululizo, ongeza upepo unaoachia badala ya kupunguza nguvu za mkono.

Ua la mviringo ni la yule anayeogopa mlio wa msokoto, maana wapo, na si watoto peke yao. Tumia maputo madogo ya inchi 5. Kata tundu la kipenyo cha sm 10 kwenye kipande cha boksi. Kila puto la petali lipite hapo likigusa kingo kidogo. Ukikisia kwa macho, ua linatoka limepinda. Funga maputo mawili kwa shingo zao, mengine mawili vilevile, weka jozi juu ya jozi kwa alama ya msalaba, zungusha mara mbili zishikane. Jozi ya tatu, ya maputo ya sm 5, izungushie katikati: moja mbele, moja nyuma. Haya yanapulizika hata kwa mdomo, na kwa kupamba ukuta au kiti cha mwenye besdei hayana mpinzani. Kwa kumpa mtoto mkononi, hapana, hayachezeki.

Kofia

Inatosha aya moja. Acha sm 5, sokota pingili ya sm 4 kwenye fundo, zungushia puto kichwani kwa mtoto mwenyewe (watoto wa shule ya msingi wengi ni kama sm 50 hadi 54), na pale linapokutana funga pingili ndogo kwa mizunguko mitatu. Vidole viwili vipenye kati ya puto na paji la uso. Urefu uliobaki usimame juu kama manyoya, au uukunje ushuke upande wa pili na kuufunga kwenye duara. Kofia ndiyo inayokuokoa foleni ikifika hadi getini, kwani haihitaji mtoto akuambie anataka mnyama gani.

Jua na joto

Puto lililojazwa chumbani chenye kiyoyozi cha nyuzijoto 22 likitolewa nje kwenye 35, hewa yake inataka kutanuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Kwa upanga, ambao una misokoto michache na mkia wa akiba, si kitu. Kwa ua la petali sita lililobanwa pande zote, ndiyo tofauti ya kubaki na kupasuka. Kwa hiyo kwenye shughuli za uwanjani Dar es Salaam au Mombasa, sokotea palepale nje, kivulini, na uache upepo pungufu. Rangi nyeusi, buluu iliyokolea na zambarau hunyonya joto na kupasuka mapema. Nyeupe, njano na waridi hudumu zaidi. Nyasi kavu zilizokatwa fupi zina ncha kama sindano, kwa hiyo mbwa kwenye bustani ana maisha mafupi, na kofia iliyo kichwani inamshinda kwa mbali.

Baada ya muda mwangani puto litapoteza mng'ao na kuwa na utandu hafifu kama wa zabibu. Ni mpira wa asili unaoshambuliwa na mwanga na hewa, haina maana kwamba limeharibika. Ndani ya nyumba, mbwa aliyesokotwa jana leo bado ni mbwa, amelegea kidogo. Pakiti isiyotumika funga mdomo wake vizuri, iweke kabatini, na kamwe usiiache ndani ya gari.

Nani apewe nini

Onyo linaloandikwa kwenye pakiti nyingi linataja watoto wa chini ya miaka 8: puto lisilojazwa au lililopasuka linaweza kuwaziba koo. Lichukue kwa uzito wake. Mpira laini unashika umbo la koo na hautoki kwa urahisi kwa kukohoa. Kwa walio chini ya miaka 4 tengeneza umbo la kumwonyesha, likae mkononi mwa mzazi. Kwa wa miaka 4 hadi 7 kofia na upanga ni salama zaidi kuliko mbwa mwenye mkia mrefu usio na upepo, kwani mkia ule ndio unaokwenda mdomoni, na msimamizi awe karibu. Uliza pia kama kuna mwenye mzio wa mpira kabla ya kufungua pakiti. Akiwepo mmoja, usisokote ndani ya chumba alimo.

Kwa kundi la watoto ishirini na saa moja, beba maputo 40, fanya kofia na panga peke yake, rangi wachague wao lakini umbo uchague wewe. Kwa watoto sita na mchana mzima, beba mbwa, twiga na sungura. Chini ya kiti chako weka mfuko wa taka, na kila mlio wa kupasuka unaposikika, simamisha mkono, okota vipande vyote, hesabu kama vinafanya puto zima, kisha endelea na anayefuata.